Kuzoeza sauti ya kuimba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wangu wa uimbaji huniuliza, wengine kabla hata hawajakaa. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Kuimba ni kipaji, au mtu anaweza kujifunza?

Kuna sehemu unayozaliwa nayo na kuna sehemu unayoijenga, na ya kujenga ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Unazaliwa na umbo la koo na urefu wa nyuzi za sauti: za mwanamume mzima huwa na milimita 17 hadi 25 hivi, za mwanamke 12 hadi 17 hivi. Mazoezi hayazirefushi wala kuzifupisha, ndiyo maana besi wa kweli, mwenye sauti nzito ya chini, hageuzwi kuwa tenori, mwenye sauti ya kiume ya juu, hata akifundishwa miaka 10.

Unachojenga ni maelewano kati ya pumzi, nyuzi na umbo la kinywa. Ugumu wake ni kwamba unazoeza kitu usichokiona. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji Mhispania, alitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi kwa kioo kidogo cha meno na mwanga wa jua. Kabla ya hapo walimu walifundisha kwa sikio tu. Mpaka leo, ukiwa chumbani kwako unafanya mazoezi, kipimo chako kikuu ni sikio na vile mwili unavyojisikia.

Sauti hutokea vipi hasa?

Hewa ikitoka mapafuni hupita katikati ya nyuzi mbili zilizo ndani ya koromeo. Nyuzi zikikaribiana, hewa huzifanya zitetemeke. Noti ya la ambayo wanamuziki husawazishia ala zao ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiiimba, nyuzi zako zinagusana na kuachana mara 440 kila sekunde. Mlio unaotoka hapo ni mkavu, hauna ladha. Koo, ulimi, taya na midomo ndivyo vinavyoupa rangi na kuufanya kuwa sauti yako.

Misuli miwili inahitaji kutajwa, kwa sababu majibu mengi ya chini yanairudia. Mmoja hufupisha nyuzi na kuzinenepesha. Ukitawala, unapata sauti ya kifua. Mwingine huzivuta zikawa ndefu na nyembamba; ukitawala, unapata sauti ya kichwa. Kuimba vizuri ni kuifundisha misuli hii kupokezana mzigo bila kunyang'anyana.

Nimeambiwa sina sikio la muziki. Nikate tamaa?

Usikate. Wapo watu ambao ubongo wao kweli hautofautishi noti, lakini ni wachache mno. Kipimo rahisi: mtu akiimba wimbo unaoujua na kukosea noti moja, je, unashtuka? Ukishtuka, sikio lako ni zima. Ni koo ambalo halijajua kulitii.

Anza na noti moja iliyo karibu na sauti yako ya kuzungumza. Isikilize, nyamaza, isikie kichwani, kisha ndipo uiimbe. Wengi hukosea kwa kuimba kabla ya kusikia. Ikikushinda kulingana na kinanda, jaribu kulingana na mtu wa jinsi yako na umri wako, kwa sababu sauti ya binadamu ni rahisi kuiiga kuliko ya ala.

Kwa nini nikijirekodi sauti yangu naiona ngeni?

Unapoimba unajisikia kwa njia mbili: hewani na kupitia mifupa ya kichwa, ambayo huongeza uzito wa chini. Kinasa sauti hakina mifupa yako. Kile unachokichukia kwenye simu ndicho wengine wanachosikia siku zote, na ndio wanaokuomba uimbe. Jirekodi kila wiki, ugeni huisha.

## Pumzi na nguvu

"Imba kutoka tumboni" maana yake nini?

Hewa haifiki tumboni. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka na kusukuma vilivyo chini yake, ndipo tumbo na mbavu za chini hutanuka. Ukiona mabega yanapanda na tumbo linaingia ndani, umevuta pumzi fupi na umekaza shingo kabla hujaimba neno.

Kiwambo ni msuli wa kuingiza hewa. Kuitoa ni kazi ya mapafu yenyewe yanaponywea, pamoja na misuli ya tumbo na ya katikati ya mbavu. Anayekwambia "sukuma kwa kiwambo" anakutuma kazi isiyowezekana. Kazi yako ni kuchelewesha: mbavu zibaki zimetanuka kidogo huku hewa ikitoka taratibu. Toa "sss" nyembamba isiyoyumba kwa sekunde 15, halafu 20, halafu 25. Ikianza kuyumba, acha hapo. Kukamua hewa ya mwisho kunafundisha kukaba koo.

Nifanyeje niwe na sauti yenye nguvu?

Hili ndilo swali linaloharibu sauti nyingi, kwa sababu mtu hujijibu mwenyewe: "nisukume zaidi." Sauti kufika mbali na sauti kusukumwa ni vitu viwili tofauti.

Tazama opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Mtu mmoja bila maikrofoni anasikika juu ya okestra nzima. Hawazidi wapigaji kwa kishindo. Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha hupungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyezoezwa, hasa wa sauti za kiume, hukusanya mlio wake karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali. Anapenya kwenye pengo. Umbo linalofanya hivyo ni njia iliyobanwa kidogo juu tu ya nyuzi huku koo likiwa limefunguka. Soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, akiwa juu sana hutumia njia nyingine: hufungua taya zaidi ili kinywa kilingane na noti, ndiyo maana maneno ya noti za juu kabisa huwa magumu kusikika.

Huhitaji opera kupata sehemu ya faida hiyo. Sema "nye-nye-nye" kwa sauti kali ya mtoto anayemcheka mwenzake, kisha iimbe kwenye noti tano kupanda na kushuka. Haipendezi, najua, na si sauti ya kupeleka jukwaani. Lakini utasikia chumba kinajaa huku wewe hukutumia nguvu. Ukali huo ukishaupata, ulainishe kwa kufungua koo hadi ubaki mng'ao tu.

Halafu jipime kwa zoezi ambalo naliamini kuliko yote. Shika noti moja ya katikati, ianze ndogo kabisa, ikuze kwa sekunde 4, irudishe ndogo kwa sekunde 4. Pumzi ikiongezeka noti hutaka kupanda, ikipungua hutaka kushuka. Lazima koo lirekebishe kila wakati. Anayeweza kuikuza tu ana kelele. Anayeweza kuirudisha chini bila sauti kukatika, bila hewa kuvuja na bila noti kuyumba, huyo ndiye mwenye nguvu. Nikimsikiliza mwanafunzi mpya, simwombi noti yake kubwa. Namwomba noti ya juu aliyo nayo kwa sauti ndogo, na hapo najua tutaanzia wapi.

Mishipa ya shingo inanitoka nikiimba. Ni kawaida?

Si jambo la kulifurahia. Kuna kijana alikuja kwangu akiwa na sauti nzuri iliyokuwa ikichoka baada ya nyimbo mbili. Nilimwomba aweke kidole gumba chini ya kidevu, kwenye sehemu laini, kisha aimbe. Kila alipopanda noti, sehemu ile ilikuwa ngumu kama ubao: ulimi ulikuwa unasukumwa chini na nyuma, unakandamiza koromeo. Tukaimba wimbo uleule ulimi ukiwa umelala juu ya mdomo wa chini. Maneno yakawa ya kuchekesha, noti zikatoka. Tulirudia hivyo kwa wiki kadhaa kabla hajaweza kuurudisha ulimi ndani bila kuukaza.

Fanya kipimo hicho mwenyewe. Kisha jaribu kutikisa taya kushoto na kulia ukiwa katikati ya noti. Lisipotikisika, ndilo linalobeba kazi ya pumzi.

## Wepesi wa sauti

Sauti yangu hupasuka nikifika mahali fulani. Nimeharibika?

Hapana, hapo ni kwenye kivuko. Msuli wa sauti ya kifua umeng'ang'ania mzigo mpaka umeshindwa, ndipo ule wa sauti ya kichwa umeupokea ghafla (tazama "Sauti hutokea vipi hasa?"). Kila koo lina kivuko, tofauti ni kwamba waliozoea wameweka daraja.

Kosa la kawaida ni kupanda na uzito wote. Kivuko hujengwa kwa kushuka. Anza juu kwenye sauti nyepesi ya kichwa, "huu," kisha teleza chini kama king'ora kinachofifia, ukibeba wepesi ule mpaka chini kabisa. Utapasuka mara nyingi siku za mwanzo. Acha ipasuke, usiizuie kwa kukaza. Koo linajifunza njia. Irabu pia zinasaidia: "a" iliyo wazi sana ukiivusha inakwama, lakini ukiielekeza kidogo kwenye "o" inapita.

Zoezi la mrija ni nini, na lina faida gani?

Ni kuimba kupitia mrija wa kunywea. Walimu na wataalamu wa tiba ya sauti wanalipenda, na Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti wa Marekani, amelieleza na kulieneza sana. Njia ya mbele ikiwa nyembamba, hewa hurudisha msukumo nyuma hadi juu ya nyuzi. Msukumo huo huzifanya zitetemeke vizuri bila kugongana kwa nguvu. Ni kama kutembea majini: viungo vinafanya kazi, uzito haupo.

Chukua glasi, tia maji nusu, zamisha mrija sentimita 2 au 3. Funga midomo kuuzunguka, imba "uu" kwenye noti ya chini, panda taratibu, shuka. Tazama viputo. Vikitoka mfululizo kwa kasi moja, pumzi imetulia. Vikija kwa kishindo halafu vikakatika ukifika kwenye kivuko, umeona kwa macho kile ulichokuwa unakisikia tu. Sasa bana pua kwa vidole ukiwa unaimba. Sauti ikikatika, hewa ilikuwa inavujia puani. Dakika 3 hadi 5 zinatosha, na zinafaa kabla ya kuimba na baada ya kuimba pia.

Huna mrija? Tetemesha midomo, "brrr," ukiimba. Faida inakaribiana.

Nawezaje kupiga vionjo na madoido haraka bila kuteleza?

Kwa kuvipiga polepole kuliko unavyovumilia. Kionjo kinachosikika kama mtelezo ni noti 5, 7 au 9, na kila moja ina mahali pake. Chukua kionjo unachokipenda, ziandike noti zake au zitafute kwenye kinanda, uziimbe moja moja kama mtu anayepanda ngazi gizani. Zikishakuwa safi, ongeza mwendo kidogo. Noti moja ikipotea, rudi nyuma.

Na vipigwe kwa sauti ndogo. Nyuzi nene na nzito hazigeuki haraka. Anayepiga vionjo kwa sauti ya juu kabisa tangu mwanzo hujikuta anatikisa taya au kichwa ili kutenganisha noti.

Mtetemo wa sauti mwishoni mwa noti unafundishwa?

Unafunguliwa zaidi ya kufundishwa. Mtetemo ulio huru huzunguka mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na huja wenyewe pumzi ikitulia na koo likilegea. Ule wa kutengenezwa kwa kutikisa taya au tumbo unasikika haraka, na ni mgumu kuuondoa baadaye. Kama huna, shughulikia zoezi la kukuza na kurudisha noti. Kama unao hata usipoutaka, jizoeze noti zilizonyooka, kwa sauti ndogo.

Nitaongezaje noti za juu?

Kwa nusu hatua (umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda), kwa miezi. Noti uliyoifikia mara moja kwa bahati si yako bado. Hesabu zile unazoweza kuimba kwa upole mara tatu mfululizo.

## Uhuru wa mitindo

Nikijifunza mtindo mmoja, nitapoteza mwingine? Naimba injili na taarabu, nataka pia jazi.

Mtindo ni mkusanyiko wa maamuzi: uzito wa nyuzi, umbo la irabu, mahali pa kuanzia noti, mtetemo upo au haupo, hewa kiasi gani. Injili mara nyingi hupandisha uzito wa kifua juu na kufungua irabu. Opera hufungua koo na kugeuza irabu juu. Jazi inakubali hewa na kuchelewa nyuma ya mapigo. Taarabu inataka noti zinazopinda taratibu, zilizo katikati ya zile za kinanda. Koo ni lilelile.

Anayepoteza mtindo mmoja kwa kujifunza mwingine ni yule ambaye huo mmoja ulikuwa tabia, hakuwahi kuuchagua. Chukua ubeti mmoja wa wimbo wako na uimbe kwa njia nne, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara: kwanza hewa, kisha irabu, kisha uzito, kisha mtetemo. Ukijua kila kimoja kinafanya nini, unaweza kwenda na kurudi.

Kuiga mwimbaji ninayempenda ni vibaya?

Ni shule nzuri, ilimradi uige kazi yake na si koo lake. Iga anavyogawa maneno, anapovuta pumzi, anapochelewa. Ukijikuta unanenepesha sauti ili uzito wako ufanane na wake, acha. Yeye ana nyuzi zake. Na iga zaidi ya mmoja.

Naweza kutoa sauti ya kukwaruza bila kuumia?

Wapo wanaofanya kwa miaka. Mkwaruzo salama kwa kawaida hutoka juu ya nyuzi halisi, kwenye mikunjo mingine inayoitwa nyuzi za uongo au kwenye sehemu za karibu nayo. Waimbaji wa koo wa Tuva, eneo la Urusi kusini mwa Siberia, huitetemesha mikunjo hiyo na kupata mlio wa chini kuliko noti ya nyuzi zenyewe. Hatari ni kukwaruza kwa kuzisaga nyuzi halisi kwa nguvu ya pumzi.

Sharti langu kwa wanafunzi: noti safi kwanza, mkwaruzo uongezwe juu yake, na uweze kuuondoa katikati ya noti huku noti ikibaki. Ukisikia kuwasha, kukohoa au ladha ya ukavu, umesimama mahali pasipofaa. Hili lifanyeni na mwalimu anayelijua, si kwa video peke yake.

Jukwaani huishia kupiga kelele ingawa nina maikrofoni. Kwa nini?

Kwa sababu mtu yeyote akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911. Kukumbuka tu hakutoshi. Ni lazima ujisikie. Omba spika ya kukurudishia sauti ipandishwe, au ziba sikio moja. Maikrofoni iwe sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Ukiikaribia zaidi uzito wa chini huongezeka, jambo zuri kwa ubeti wa upole.

## Ratiba na matunzo

Nifanye mazoezi dakika ngapi?

Dakika 15 hadi 20 mara mbili kwa siku zinashinda saa nzima mfululizo. Anza na mrija, kisha miteremko ya kivuko, kisha kukuza na kurudisha noti, halafu wimbo. Ukimaliza sauti iwe nyepesi kuliko ulipoanza. Ikiwa nzito au ya kukwama, ulizidisha au ulikosea.

Kunywa maji, vinywaji vya moto au pipi za koo kunasaidia?

Unachomeza hakigusi nyuzi za sauti, kikizigusa utapaliwa. Maji hufanya kazi kupitia mwili mzima, kwa hiyo ya leo asubuhi ndiyo yatakayokusaidia jioni, si ya dakika ya mwisho. Kinachofika kwenye nyuzi ni unachovuta kwa pumzi, kwa hiyo mvuke husaidia, na moshi huharibu. Pipi zinazotia ganzi ziepuke kabla ya kuimba: zinaondoa maumivu ambayo yangekuonya.

Sauti imekauka. Niwe nanong'ona?

Nyamaza, au zungumza kidogo kwa sauti laini ya kawaida. Kunong'ona kwa nguvu huwakaza watu wengi koo kuliko kuzungumza. Kama ni mafua na tatizo liko puani tu, unaweza kuimba kwa upole. Yakishuka kooni na sauti ikabadilika, ahirisha.

## Hali za pekee

Mwanangu wa kiume anabalehe. Aache kuimba?

Hapana, ila abadilishiwe nyimbo. Sauti yake inashuka takriban oktavi nzima (kutoka do ya juu hadi do ya chini yake), na upana wake hubadilika mwezi kwa mwezi. Aimbe noti zinazokuja bila kulazimisha, hata ziwe chache. Wasichana nao sauti hushuka, ila kwa kiasi kidogo.

Nina zaidi ya miaka 60. Nimechelewa?

Gegedu za koromeo huwa ngumu na nyuzi hupoteza unene, kwa hiyo sauti huyumba na pumzi hupungua. Mazoezi ya upole ya kila siku hurudisha sehemu kubwa ya uthabiti. Usiimbe kwa noti ulizoziimba ulipokuwa na miaka 30, shusha wimbo.

Natumia dawa. Zinaweza kugusa sauti?

Zinaweza. Nyingi za mzio hukausha. Za kuvuta za pumu zenye steroidi zinaweza kukwaruza sauti. Sukutua kinywa kila baada ya kuzitumia. Aspirini hupunguza kuganda kwa damu, na kwa anayeimba kwa nguvu inaongeza hatari ya mshipa wa kwenye nyuzi kuvuja. Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya kuimba. Mweleze kwamba unaimba, akutafutie njia.

Sauti imekatika ghafla katikati ya wimbo. Nifanye nini?

Acha papo hapo, hata kama ni jukwaani. Inaweza kuwa mshipa umepasuka kwenye uzi wa sauti, na kuendelea kunaweza kuacha kovu. Nyamaza kabisa na uonane na daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo au kesho yake. Adele, mwimbaji wa Uingereza, alifanyiwa upasuaji kwa tatizo la kuvuja damu kwenye nyuzi mwaka 2011, na mwaka uliofuata aliimba tena.

Na kama ni mkwaruzo tu usioisha?

Ukizidi wiki 3, nenda ukaangaliwe kwa kamera ya koo. Hakuna mwalimu anayeweza kujua kwa kusikiliza kama kuna kinundu, uvimbe au kitu kingine. Vinundu vingi hupungua kwa tiba ya sauti, bila kisu. Ukiambiwa upasuaji, uliza ni nini hasa kimeonekana, kiko uzi gani, na kama tiba ya sauti imejaribiwa kwanza. Omba pia nakala ya picha zako, umwoneshe mtaalamu wa pili kabla ya kukubali.